Mkataba wa Jua na Majani

Kwako muthoni wangu, Baba Rwamba, huko Ishiara,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikilifikia jina lako, kidole kinakataa kubonyeza. Na huyu ndiye mwalimu uliyezoea kumtania kwamba angeweza kumweleza ng'ombe jinsi ya kula majani.

Unakumbuka tulivyoanza. Mwanangu Mwenda alikuwa amemwoa binti yako Rwamba, tukawa wakwe, na mwaka uleule mvua ikawakataa huko chini. Nikakuambia ulete ng'ombe wako kwangu huku juu Githongo, kwani majani ya napia yalikuwa mengi kuliko midomo. Ukakubali kwa sharti. Ulikuwa umemsikia mke wangu, Mama Mwenda, akikohoa siku ya mapatano ya harusi, ukasema baridi yetu ya Julai itammaliza. Kwa hiyo kiangazi kikikaza, ng'ombe wako wapande. Baridi ikija, mtu wa nyumba yangu ashuke akae kwenye joto. Hatukuandika popote. Ukajenga kile chumba chenye dirisha linalotazama jua la asubuhi, na kila mara Mama Mwenda aliporudi kutoka kwako alikuwa akipumua kama msichana.

Unakumbuka pia jioni niliyokuja kumchukua, tukakaa nje ya chumba hicho, wewe ukitafuna muguka, ile miraa yenu ya majani. Redio ilikuwa imetaja nchi mbili zilizotia saini mkataba wa kugawana maji ya mto. Ukaniuliza nani atawashika wakiuvunja.

"Mwalimu, hiyo serikali ya dunia iko na kituo cha polisi wapi? Kama ni hapo Makutano, niambie nipande nikapige ripoti."

Mama Mwenda alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaanza kueleza, kama nilivyoeleza miaka yote katika somo la Historia na Serikali. Nilikwambia kwamba polisi hao hawapo, na bado nchi nyingi, mara nyingi, hutimiza zilichoahidi. Ndege za kigeni hupita angani bila kutunguliwa. Barua huvuka mipaka. Balozi hulala salama katika nchi isiyompenda rais wake. Anayevunja mkataba leo atataka kuaminiwa kesho katika jambo jingine, na majirani wanaangalia. Tena mambo mengi hutimizwa kwa mazoea tu, kwa sababu kuna maofisa walioajiriwa kuyatimiza na hakuna aliyewaambia waache.

Ulibisha. Ulisema mnyonge hutii na mwenye nguvu hufanya atakalo. Nikakubali kwamba yako mengi ya namna hiyo. Kisha nikatoa neno nililojivunia. Nilikukumbusha kwamba kwetu na kwenu aibu huitwa nthoni, na mkwe huitwa muthoni. Maneno hayo yametoka tumbo moja. Nchi ni wakwe, nikasema. Haziwezi kuhama, zitakutana tena, ndiyo sababu zinaoneana haya.

Ulitema muguka pembeni, ukafikiri.

"Hiyo sasa nimeelewa," ukasema. "Lakini ngoja siku mmoja hamhitaji mwingine. Hapo ndipo tutajua kama ni aibu au ni biashara."

Siku hiyo ilikuja, muthoni, na ilikuja kwangu.

Mama Mwenda tulimzika mwaka jana. Ulipanda na jamaa zako, ukashika sepetu kabla ya ndugu zangu. Februari iliyofuata kiangazi kikakukaba, ukapiga simu kusema ng'ombe wameanza kulala chini na unatafuta lori. Nami nikaanza kueleza. Nilikwambia Mwenda amepanda parachichi sehemu ya shamba la napia. Kisha, Mungu anisamehe, nikakufundisha sheria. Nilisema mataifa yana kanuni kwamba mkataba unaweza kuachwa iwapo hali iliyouzaa imebadilika kabisa, na kwamba aliyekuwa akishuka kwako hayupo tena. Sikukwambia kwamba kanuni hiyo ni nyembamba kama uzi, kwamba mahakama huikubali kwa nadra sana, na kwamba mara nyingi anayeitaja ameshaamua kuondoka.

Safari hii hukubisha.

"Kwa hivyo nisilete," ukasema.

"Hali imebadilika, muthoni."

"Sawa."

Majani yalikuwepo. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo. Niliogopa maziwa yetu yangepungua, basi. Ng'ombe wako wawili walikufa. Aliyeniambia ni Rwamba, akinimiminia chai bila kunitazama, na tangu siku hiyo ananiita Mwalimu kama wanavyoniita watu wa sokoni. Zamani aliniita Baba.

Ningeweza kuishi na hayo kama ungenikasirikia. Mkataba uliovunjwa na upande mmoja humpa wa pili ruhusa ya kuuacha. Hilo pia nilikuwa nikifundisha. Lakini Julai ukungu ulipotua hapa na kifua changu kikaanza kuiga cha marehemu, ulimpigia Rwamba simu. Aliniletea maneno yako jinsi yalivyo: "Mwambie mzee chumba kimefagiliwa. Tulisema mtu wa nyumba yake. Hata yeye ni mtu."

Sikuja. Nilikohoa hapa Julai yote, na niliona afadhali kukohoa kuliko kulala katika chumba hicho. Miaka yote hiyo nilieleza nthoni kwa watoto wa watu nikidhani naijua. Nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua nchi kwenye ramani.

Sasa ni Septemba. Jua la Ishiara linachoma, baridi imetuacha, na sina ninachohitaji kwako. Ndiyo maana nimechagua kuja sasa. Zizi la pili nimelisafisha, na Mwenda ameng'oa mstari mmoja wa parachichi bila kuniuliza kwa nini. Rwamba anasema yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika bado anasimama. Ukiniruhusu, atapanda nami.

Nitafika langoni kwako na kusimama nje mpaka uniambie niingie, kama mkwe anavyopaswa. Nikianza kueleza chochote, ninyamazishe.

Ni mimi, muthoni wako,
Baba Mwenda