Baba, Wamemwaga Lami Chini ya Reli

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa kitandani kwangu hapa Naif, mtaa wa Dubai. Leo nimejiaibisha mbele ya watu, kisha nikaambiwa jambo ambalo mpaka sasa halijaniingia akilini.

Hukujaliwa kuiona kazi yangu ya Dubai. Naongoza malori kwa bendera kwenye ujenzi wa reli. Asubuhi lilikuja lori la lami, likaelekea moja kwa moja kwenye tuta la reli. Nikaruka mbele yake. "Yalla, rudi! Hapa ni reli, barabara iko kule!" Kosa hilo angelifanya mtoto wa mtu wa reli tu, maana nimekua nikikusikia ukisema, "Lami ni ya magari. Reli hukaa juu ya kokoto." Dereva akapiga honi, msimamizi akafoka, nami nikang'ang'ania pale pale na bendera yangu nyekundu.

Aliyeniokoa ni Mzee Makame, Mzanzibari anayepima udongo. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu we, lami yakaa chini, kokoto zaja juu yake. Maji yakishuka yasiuguse udongo."

Nikamuuliza, na pasipo na lami, na udongo wenyewe ni wa mfinyanzi?

"Ah! Treni ikipita tope lapanda, reli yazama. Utashindilia kokoto mpaka ukome, na itazama tena. Hapo kosa si la mikono ya mtu, ni la maji."

Baba, nilikaa chini palepale kwenye mchanga wa moto.

Nililiona bonde letu la udongo wa mfinyanzi kule nyumbani. Wewe ukiwa mnyapara, kila genge la vibarua na kipande chake cha reli, na kipande kikizama aibu ni ya mnyapara. Kila masika kilizama chako. Nilikuletea uji nikakukuta umeshika sururu mwenyewe, unashindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli, tope la kijivu likichuruzika, nawe unanitania, "Bonde hili lina njaa kukushinda wewe." Halafu wakubwa wa reli wakakuita mzembe, wakakuvua unyapara, wakatuhamishia nyumba ya chumba kimoja. Hukubisha. Ulisema tu, "Mikono yangu imechoka," ukaitazama kana kwamba si yako. Ulikuwa bado kijana, Baba! Nasi sote tukakuamini.

Nimepigwa na butwaa, na nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Ilikosekana lami tu! Hii hii iliyoganda kwenye viatu vyangu, watu wanaikanyaga kila siku bila kuitazama.

Jioni nilimpigia Mama nikamweleza yote.

"Athumani, hebu rudia."

Nikarudia, polepole, bonde na maji na tope.

"Siku ile anatutoka, baba yako aliniomba radhi kwa ajili ya ile nyumba ya chumba kimoja," alisema. "Alinishika mkono akaniomba. Nami nikamwambia nimemsamehe." Kisha nikamsikia analia. "Nilimsamehe, mwanangu! Nilimsamehe kitu gani?"

Mungu akulaze pema, na mikono yako pia.

Mwanao,
Athumani