Nilivyozisafisha Picha za Harusi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa, ambaye bado anatembea bila mkongojo ingawa wanawe wamekwisha kumnunulia mmoja. Natumaini kifua kimekuachia kidogo, na kwamba wauguzi wanakugeuza kwa upole kama nilivyowaagiza. Mimi sijambo, ila goti, na goti lenyewe linasingizia tu. Wifi yako alitaka kuniandikia barua hii, nikamkatalia. Shule niliiacha darasa la pili, lakini haya yanataka mkono wangu. Leo ni siku ya tatu nimeinamia karatasi. Kuta zangu husimama wima, herufi zangu zinayumba kama zimelewa. Utanisamehe.

Najua umeipima bahasha hii mkononi, ukaona nyepesi. Vumilia kwanza, nikupe harusi ya binti yako.

Unakumbuka daktari alipokukatalia kusafiri, ukanililia kwenye simu, ukasema basi angalau upate picha, wakubandikie ukutani mbele ya kitanda. Nikakwambia hilo niachie mimi. Binti yako alikuwa amekwisha kumpata mpiga picha, bwana mmoja aliyening'iniza kamera mbili shingoni kama mbuzi wa maonyesho. Nikamfukuza. Nikamwambia mpwa wangu kwamba mtu aliyepanga matofali miaka arobaini na miwili, jicho lake ndilo pimamaji lake la kunyooshea ukuta, hawezi kushindwa kupanga watu. Akasema haya, Mjomba. Nikadhani amekubali. Kumbe alikuwa ananistahi.

Nikanunua simu ya mtumba yenye kamera. Muuzaji alitaka kuniwekea lugha za watu, nikagoma, nikamwambia aniwekee Kiswahili kitupu, nisome mwenyewe, nisiombe msaada kwa mtu. Maneno hayo nayakumbuka kila nikilala.

Siku ilipofika, picha ya kwanza nilipiga kidole gumba changu. Ya pili pia. Kuanzia ya tatu nikawa fundi. Binti yako nilimpata chumbani, karibu na dirisha, shangazi wa bwana harusi amepiga magoti anamkunjia pindo la gauni, pini kajaza mdomoni, huku anaendelea kusema vilevile. Nywele alikataa kuchanwa na kitana kingine ila kile chako cha bluu, kilichobaki na meno tisa. Msusi alilalamika. Binti yako akamjibu kwamba kimemchana tangu hajaota meno yake mwenyewe, kwa hiyo leo hakiachwi nyumbani.

Ukumbini niliwapanga watu kama tofali, wafupi mbele, warefu nyuma, aliyepinda nikamnyoosha. Kila mtu alikuwa ameinua simu yake, wananizibia. Nikapiga makofi, nikaamuru simu zote ziingie mifukoni, kwamba picha za siku hii zina fundi mmoja tu. Yule shangazi akaniuliza kama nimekuja kupiga picha au kulinda benki. Watu wakaangua kicheko. Lakini simu ziliingia mifukoni, zote. Nilijisikia mkubwa, mdogo wangu.

Pete ilimkwama bwana harusi kwenye kifundo cha kidole cha mwenzake, jasho linamtoka. Binti yako akalamba kidole mbele ya wazee wote, akamwambia asukume sasa. Nikaipata hiyo. Kiti chako kilikuwa mstari wa mbele, mtandio wako wa kijani umekunjwa juu yake, na hakikukaliwa na mtu. Alipoinama kutia sahihi aligeuka akakitazama, kalamu bado ipo hewani. Hiyo pia niliipata. Zilikuwa picha mia mbili na kumi na moja. Nilizihesabu.

Sasa sikiliza, na mwambie muuguzi akushike mkono.

Sherehe ilipoisha, binti yako alinivuta pembeni. Alisema dereva amekubali, ni mwendo wa saa sita tu, anataka kuja kwako vilevile na gauni lake, asimame mlangoni pa wodi dakika moja umwone, kisha arudi. Gauni lilikuwa la kukodi, na kesho yake jioni walikuwa wanasafiri kwenda huko mbali kwenye kazi ya mumewe. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia gauni litaharibika kwa vumbi, wewe utashtuka bure, na safari ya nini wakati picha zote ninazo hapa. Nikagonga mfuko wa shati. Hakubishana. Alikwenda akalivua.

Walipokwisha kuondoka, nikakaa mezani nikuandalie picha zako. Enzi zetu, unajua, picha haitoki mpaka isafishwe. Nikatafuta kwenye simu mahali pa kusafishia. Nikaona kuna alama ya ndoo ndogo yenye kifuniko. Nikasema hii hapa. Nikaibonyeza. Simu ikaniuliza, kwa Kiswahili safi nilichokidai mwenyewe: Futa zote? Nikafurahi kwamba nimesoma bila kusaidiwa. Nikawaza, naam, zifutwe vumbi zote, za mdogo wangu zisiwe na doa. Nikabonyeza Ndiyo. Ikaniuliza tena kama nataka kufuta kabisa. Nikasema kabisa, sifanyi kazi nusu. Nikabonyeza Ndiyo.

Fundi simu alikaa nayo siku mbili. Alinirudishia akiangalia chini, akasema, mzee, hamna kitu humo. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza waalikwa. Wote walinijibu jambo moja, kwamba si nilikataza.

Mwezi mzima nimekudanganya kwenye simu kwamba picha ziko kwa msafishaji. Muuguzi ameniambia umeomba kalenda iondolewe ukutani, pabaki wazi. Hapo ndipo niliposhindwa.

Binti yako nimemwambia. Aliniuliza kama angalau mimi nilimwona vizuri. Nikasema nilikuona, mama. Akasema basi mwandikie Mama. Ndiyo maana umeletewa kitana na pete na kiti kwa maneno.

Imebaki moja, na hii sikuipiga. Nilipomkatalia, kabla hajakwenda kuvua gauni, alitoka akasimama mlangoni pa ukumbi, mikono imelala ubavuni, uso umeelekea barabara ya kuja kwako. Alisimama kama dakika moja hivi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa chaji. Niliona si picha, maana hakuna aliyecheka.

Wifi yako anakusalimu sana, na majirani wote wanakuulizia. Jumatatu napanda basi nije, goti litake lisitake. Nitakaa chini ya huo ukuta uliouacha wazi, wewe uniulize unachotaka, hata kifungo kimoja kimoja, nami nitajibu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikiwa nimefika.

Mimi kaka yako,
yule mliyekuwa mkimwita Pimamaji