Tembe Haikujengwa kwa Mvua Hii

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na ziwa limekuwa na rangi ya maji yaliyonawiwa mikono. Sina hamu ya kumsalimia mtu, hata wewe unayesoma.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo sitapamba.

Nimetoka Dodoma miezi mitano sasa, nikaja huku mwambao wa Burundi, kati ya Magara na Rumonge, kujitolea. Kujitolea maana yake nafanya kazi ya kibarua, nalala, nakula, na mwisho napewa cheti. Shule niliishia kidato cha pili. Kwetu wakandarasi siku hizi hawakuulizi unajua nini, wanakuuliza una karatasi gani. Karatasi hiyo ndiyo iliyonileta.

Mwenye kijiji hiki cha udongo tunachokijenga ni mzungu tunayemwita Patroni. Kabla ya hapa alijenga kijiji cha udongo jangwani, nchi sijui ipi, akasifiwa sana. Baadaye akapita kwetu akaona tembe zetu: kuta za udongo, na juu paa bapa la magogo na fito lililobebeshwa udongo. Aliushika ukuta wa babu yangu akatokwa machozi. Akaniambia, twende.

Hapa saruji ni dhambi. Bati ni dhambi kubwa zaidi. Ofisi yake ya mjini Rumonge imeezekwa bati, lakini hiyo hatuizungumzi.

Wenzangu wa kujitolea ni vijana wanne kutoka Ulaya. Asubuhi wanakanyaga udongo kwa nyimbo, wanaipiga picha miguu yao, saa nne wamechoka, wanakwenda kuogelea. Mimi nabaki na koleo. Siwachukii kwa sababu ni wabaya. Nawachukia kwa sababu wana tiketi ya kurudi.

Sasa niseme langu.

Nyumba ya kwanza Patroni aliahidi kumpa Mama Riziki, mpishi wetu, mjane mwenye watoto watatu, aliyekuwa amepanga chumba kule Kizuka. Jumamosi hii wageni wanakuja kuitazama familia ikihamia. Paa nililiweka mimi. Nililiweka kama kwetu, udongo wa kichuguu juu ya fito, bila upenu wa kuzikinga kuta. Kwetu mvua ni mgeni, inakaa siku chache inaaga. Hapa imehamia na watoto wake.

Mwezi uliopita Mama Riziki alisimama ndani akatazama juu. "Fundi, hii iko nguvu?"

Patroni akamjibu kabla yangu. "Nyumba hii inapumua, Mama."

"Inapumua? Mie naona inakohoa."

Tukacheka wote. Kisha akanigeukia mimi. "Weye ni mutu wa udongo. Batoto balale humu?"

Nilikuwa nimeshaona gogo la katikati limeanza kupinda.

Nikasema walale.

Kwetu mtu akiona tembe imeshiba maji, hakai chini kuijadili. Anapanda na kuushusha udongo, hata nyumba ikibaki wazi. Magogo yakipumzika, kuta zinapona. Mtoto wa Kigogo wa miaka kumi anajua hilo. Mimi nina thelathini na nne, na nilikuwa nangoja cheti.

Leo asubuhi niliingia ndani, nikaubonyeza ukuta pale chini karibu na mlango. Kidole kilizama chote. Gogo la katikati limepasuka kwa urefu. Na nje, mbele ya jiko, Mama Riziki alikuwa ameshaleta godoro lake na sufuria, kavifunika kwa nailoni.

Nikamwendea Patroni, nikamwomba tuahirishe. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwa upole unaoudhi kuliko tusi: "Hofu yako ni ya kawaida. Jangwani paa kama hili limesimama miaka mingi." Nikamwambia hapa si jangwani, achungulie dirishani. Akasema atachungulia Jumapili, wageni wakishaondoka.

Nikachukua koleo nikapanda.

Haukuwa ushujaa. Kila koleo lilikuwa zito kama jiwe. Nilitupa chini mpaka fito za chumba cha kulala zikaonekana, na mvua ikaanza kunyesha ndani. Wale vijana walinitazama kama mtu aliyepandwa na mashetani. Patroni alisema nikishuka, nishuke nikachukue begi langu, na cheti nisahau kabisa.

Nilidhani Mama Riziki atanishukuru. Ndio ukweli, nilitaka anishukuru.

Alikuja chini ya ukuta, kitenge kimemgandia kichwani. "Ile chumba ya Kizuka nimeisha kuirudisha," akasema. "Jana bengine bameingia. Sasa nipeleke batoto wapi?"

Nikamwambia paa lingewaangukia.

"Nilikuuliza weye. Mwezi muzima iko unakula bugali yangu, unanitazama mu uso, unanyamaza."

Hakupaza sauti. Akarudi jikoni, maana mchana ulikuwa umefika na watu walitaka kula. Sahani yangu hakuipakua, na sikuidai.

Niliposhuka, Patroni alifungia ngazi na makoleo stoo. Amewaamuru vijana wakanyage udongo mpya walizibe tundu langu kabla ya Jumamosi. Mama Riziki ameambiwa mpango uko palepale, na amekubali. Hana pa kwenda. Aliyemkosesha pa kwenda si Patroni peke yake.

Begi langu limefungwa, liko mlangoni. Gari la kwenda mjini limepita mara mbili na sikulipungia mkono.

Nusu ya paa bado ina udongo. Kesho kukipambazuka nitapanda kwa ukuta, kama bado umesimama, na udongo nitaushusha kwa mikono. Halafu nitamwambia Mama Riziki, mbele ya wote, kwamba nilijua. Anitemee mate akitaka. Humo hatalala mtoto.