Kendi, Mama Yako Amefika Addis

Kendi,

Nimempeleka mama yako Addis Ababa. Baada ya kukuzika hapa Nchiru na watu kutawanyika, aliacha kula. Kila Jumamosi nilitoka Kianjokoma kumwangalia, nikakuta sahani imefunikwa vile vile. Siku moja akaniambia, "Wanja, mimi nilimpokea kwa jeneza. Nataka kuona mahali alikuwa anaishi." Tukaanza kutafuta pasipoti.

Tangu upate kazi ya ualimu kule ulikuwa ukitualika, na kila ukipiga simu ulikuwa na agizo jipya. Yote nimeyatumia, rafiki yangu. Nilibeba majani chai, maana ulisema kumpelekea Mhabeshi kahawa ni kama kumpelekea Mmeru ndizi. Siku ya kwanza tulipanda vilima polepole. Hewa ya kule hutukatisha pumzi hata sisi wa mlimani. Kuvuka barabara nilimshika mama mkono, nikatazama kushoto kwanza, kwa kuwa magari yao hupita kulia. Na dereva aliposema kwa Kiingereza atatuchukua "three o'clock", nilijua ni saa tatu asubuhi, si saa tisa alasiri. Ulinifundisha mwenyewe: "Huko ongea Kiingereza, lakini hesabu saa kwa Kiswahili." Hatukuachwa hata mara moja.

Almaz, mama mwenye nyumba wako, hakuwa amempangisha mtu chumba chako. Alikuwa amefua mashuka na kutandika kitanda. Mama aliketi pale, akapapasa blanketi. Kisha akataka kujua ulikuwa ukikaa wapi asubuhi. Almaz akamwonyesha kigoda uani, penye jua. Akakikalia muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni, nikashindwa... basi, wewe unanijua.

Ilikuwa Jumatano, siku yao ya kufunga nyama, kwa hiyo Almaz alipika dengu na mboga juu ya injera, ule mkate wao mpana, laini, wenye uchachu. Mama akanawa mikono, lakini hakugusa chakula. Almaz akakata kipande, akakikunja na dengu, akakipeleka mdomoni mwa mama. Mama akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyetukanwa. Nikakumbuka maneno yako, nikamwambia, "Mama, Kendi alisema mtu akikulisha kwa mkono wake, ufungue mdomo. Ni heshima kubwa hapa."

Alinitazama. Akafungua mdomo.

Alitafuna machozi yakimtoka. Alipomeza akasema, "Hii ni uji yetu ile ya kuchacha, ni vile tu imepikwa ikakuwa mkate." Nikamtafsiria Almaz, akacheka hadi akajifuta macho. Halafu mama yako, Kendi, akakata kipande kwa mkono wa kulia, akamlisha Almaz. Walilishana kama maharusi. Sinia ilibaki tupu. Kahawa ilipoletwa hatukuinuka kabla ya kikombe cha tatu, kama ulivyotuonya.

Tangu turudi, anakula. Amepanda maharagwe, amerudi kwaya, na juzi alinigombeza kwa kuponda mukimo wa viazi na mahindi bila chumvi. Nilifurahi kugombezwa.

Almaz anakuja mvua za kwao zikiisha, zetu zikianza. Sasa mimi ndiye wa kutoa maagizo kwenye simu. Nimemwambia abebe viatu vya matope, asiogope kila mtu akimsalimu njiani, na akishiba aseme mapema, kwa sababu mama yako ataendelea kumpakulia.

Nitampokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kabla hajala chochote nitamleta kwako, na nitakuwa nimeshafyeka nyasi, nimepanda na maua. Hilo nimemwahidi mama, na sasa nakuahidi wewe. Pumzika, Kendi wangu. Wageni wako nitawapokea mimi.

Wanja