Betri Iliyopasuka Mbele ya Mama Mkwe

Mogogosiek, Konoin
Jumapili, baada ya kanisa

Nyanya wangu, mke wangu wa kwanza,

Bwakire. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee. Vaa miwani yako usome mwenyewe, usimpe mtoto yeyote wa hapo nyumbani akusomee barua hii, tafadhali sana. Magoti yanasemaje na baridi hii? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama, au bado anawazungusha? Sisi huku tunapumua. Kemunto mke wangu anapumua, mtoto anapumua na kunyonya kama mtu aliyeajiriwa kunyonya. Mimi pia napumua. Lakini Nyanya, nimeona mambo wiki hii.

Utauliza mbona sikupiga simu. Sababu unaijua. Wewe ukishika simu unaongea kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na ukishangaa unarudia kila neno unaloambiwa. Haya ya leo ukiyarudia kwa sauti hiyo, mimi nitahama Kenya. Mama siwezi kumwambia. Baba ndiyo kabisa, afadhali nife. Katika mila zetu ni wewe tu, nyanya wa mtu, ambaye naweza kutaja suruali mbele yako na tukacheka. Ingawa leo sijui kama utacheka.

Unajua mama mkwe yuko huku tangu Kemunto ajifungue. Alikuja kumsaidia na mtoto, na kusema ukweli ametusaidia sana. Mwanamke huyo anashika chinsoni, hii heshima yetu ya wakwe, kuliko wazee wote ninaowajua. Kwangu halali. Analala kwa mama mmoja wa kwetu anayeuza mboga hapa sokoni, asubuhi anakuja, jioni anarudi. Nikiwa ndani, yeye yuko nje chini ya ukingo wa bati, hata mvua ikinyesha vipi. Salamu tunapeana kwa mbali, kila mtu akitazama kando. Jina langu hajawahi kulitaja hata siku moja. Akitaka kunieleza jambo anamwambia mtoto: "Wewe mtoto, mwambie baba yako uji umeiva." Na mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza! Mimi nami namjibu mtoto. Ndivyo tulivyoishi, na tuliishi vizuri, kila mtu na heshima yake.

Sasa sikia. Pikipiki yangu ilikuwa imelala wiki nyingi kwa sababu ya hizi mvua na shifti za kiwandani. Siku ya kuitoa, kimya. Taa haiwaki, honi haitoi hata kikohozi. Betri imekufa. Yangu si zile zilizozibwa, ni zile za maji, zenye vifuniko juu. Kufungua, nikakuta ndani kumekauka, zile sahani zake za madini zimepauka. Nikasema hii sitatupa, nitaifufua hapa hapa nyumbani. Nikatafuta asidi kidogo, nikaongeza na maji ya mvua kutoka kwenye pipa, nikafunga vile vifuniko, nikavikaza kwa koleo mpaka basi. Nikaazima chaja kwa fundi wa redio, nikachomeka ukutani.

Na hapa, Nyanya, wewe pia umo kwenye kesi hii. Unakumbuka betri za redio yako? Zikiisha nguvu uliziweka juu ya bati, zinaota jua, jioni redio inaimba tena. Mimi nilikua nikijua kwamba betri iliyochoka inataka joto. Basi jua la hapa unalijua, linachungulia asubuhi kisha mvua inashuka mpaka jioni. Nikafikiria, jua hakuna, lakini jiko lipo. Nikaisogeza ile betri karibu na jiko la makaa, na mlango nikafunga, joto lisitoroke. Nilijiona fundi kweli kweli. Hata nilikuwa napiga mluzi.

Kemunto alikuwa amempeleka mtoto kudungwa chanjo. Mama mkwe alikuwa nje, anachambua mboga. Mimi niko ndani na shati na suruali yangu ya kazi. Baada ya muda nikasikia betri inachemka ndani kwa ndani, chwi, chwi, chwi. Nikafurahi, nikajua imeamka. Nikainama kuitazama.

Haki ya Mungu, sikujua ni nini. Ulikuwa mlio mmoja tu, paa! Mimi nikadhani bati limeanguka, au ni bunduki. Kitu kikanipiga usoni, na kabla sijapiga kelele uso wote ukashika moto. Macho, Nyanya! Macho yalikuwa kama yamesuguliwa na pilipili. Kifua na mapaja yakaanza kuungua, lakini moto wenyewe hauonekani, nguo tu zimelowa. Nilizunguka humo ndani nikigonga viti, nikipiga mayowe kama nguruwe, mlango siuoni.

Mlango ukafunguka kwa teke. Na nikasikia sauti ya mama mkwe, sauti ambayo sijawahi kuisikia, ikiniita jina.

"Momanyi! Momanyi, uko wapi?"

Nilishtuka kusikia jina langu kuliko nilivyoshtuka na betri. Akanishika mkono. Yeye, akanishika mkono! Akanivuta mpaka nje kwenye pipa la maji ya mvua, akanisukuma kichwa ndani. Nikainuka nikitapatapa, akakisukuma tena. Kisha akachukua kopo akaanza kunimwagia. Macho mimi nilikuwa nimeyafumba kwa nguvu zangu zote, na yeye akayafungua kwa vidole vyake, moja baada ya lingine, akimimina maji humo humo.

"Fungua macho! Fungua, mwanangu! Usifunge!"

"Mama, niache, nitakufa!"

"Kufa baadaye! Sasa fungua!"

Ndipo akaona shati linatoboka. Akalirarua. Kisha nikasikia mkono wake kwenye mshipi wangu. Nyanya, naapa, nilikuwa nimeungua, nilikuwa sioni, na bado nikaishika suruali yangu kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, "Mama, hapana! Mama, wewe ni mkwe wangu!" Akanipiga kofi. Kofi la kweli, shavuni. "Vua!" Sikuvua. Akaivuta mwenyewe, na kwa sababu ilikuwa imekwisha kuliwa na ile asidi, ilitoka nusu nusu. Na vilivyobaki pia vikatoka.

Nikawa pale, uani kwangu, kama nilivyozaliwa, mama ya mke wangu ananimwagia maji kutoka utosini mpaka miguuni. Na alikuwa akilia na kuomba Mungu kwa Kikisii. Wachumaji wa chai walikuwa wanarudi kutoka shambani, wakasimama kwenye ua na vikapu vyao. Chebet, jirani yetu Mkipsigis, akaja mbio, na nikamsikia akisema, "Wueh! Mama, huyo si mkwe wako?"

"Lete maji!" akamwambia. "Maswali weka kando, lete maji!"

Chebet ana akili. Alianza kubeba ndoo. Waliendelea kunimwagia mpaka pipa likaonyesha chini. Nilitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana, na kila nikisema inatosha, mama mkwe anasema bado. Mwishowe akafungua leso yake kiunoni, akanifunika nayo, akabaki na gauni. Nadhani hapo ndipo alipoona alichofanya. Chebet aliniambia baadaye kwamba aliweka mikono kichwani, akatazama wale watu kwenye ua, akaondoka bila viatu kupita katikati yao.

Hospitalini daktari aliniosha tena, akanitazama kwa taa yake. Akauliza nani alinimwagia maji. Nikamwambia ni mama mkwe. Akasema, "Huyo mama angechelewa kidogo tu, sasa tungekuwa tunaongea mambo mengine." Akanieleza kwamba betri ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto kama gesi, na mimi nilikuwa nimeikaza vifuniko na kuiwekea makaa kando. Jicho la kulia liko sawa. La kushoto lilikuwa na ukungu, lakini unapungua, sasa naona hata herufi hizi. Kifuani na mapajani kuna vidonda, ila si vya kuniua. Nilitoka hapo nikijua nimepona. Nilidhani balaa limeisha.

Kumbe, wapi! Mama mkwe hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Amejifungia kwa yule mama wa mboga, chakula anaonja tu. Kemunto akienda na mtoto, mama yake anamshika mtoto kidogo kisha anamrudisha, anasema mikono yake si mizuri tena. Alimwambia, "Nimemwona mwanangu uchi. Nimempiga. Nimetaja jina lake mbele ya watu. Sasa mimi ni nani kwake?" Anasema siku ya soko anapanda gari arudi kwake, na huku harudi maisha yake yote. Nikamwendea pasta wetu, akacheka, akasema hayo ni mambo ya zamani, akaniombea macho. Namheshimu, lakini pasta hakuwa uani siku ile. Vijana wa stendi nao wananiita jina ambalo hata wewe siwezi kukuandikia.

Nyumbani kwangu kumekuwa kama matanga. Kemunto ananipaka dawa huku machozi yanamtoka. Jana aliniambia, "Momanyi, baba yangu alishakufa. Niliyebaki naye ni mama peke yake, na wewe umemfukuza kwa betri." Ni kweli, Nyanya. Mama huyu hana kosa hata moja, ni mimi na ujuaji wangu, na adhabu anaibeba yeye. Inaniuma kuliko vidonda.

Jana mchana nikashindwa kuvumilia, nikajifunga koti nikaenda mpaka sokoni. Nilimkuta nyuma ya kibanda cha mboga, amekaa juu ya gunia. Aliponiona tu akajifunika leso usoni, akageuka ukutani. Mimi nami nikageuka, nikampa mgongo. Tukakaa hivyo, yeye anatazama mbao, mimi natazama matope, watu wanapita na kabeji zao. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, ya samahani, ya asante, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama, naona. Yote mawili yanaona."

Kisha nikamsikia akilia, kilio kile cha chini chini cha mtu anayeziba mdomo. Akasema, "Basi. Nimesikia. Nenda nyumbani, vidonda visipate baridi." Nikaenda. Sikugeuka kumtazama, ingawa nilitaka sana.

Nyanya, njoo. Ndiyo sababu nimeandika. Najua magoti, na najua hupendi kusafiri, lakini mimi siwezi kulimaliza jambo hili, kwa sababu mimi ndiye jambo lenyewe. Kemunto hawezi kwa sababu ni mtoto wake. Wewe ni mzee kwake, wewe unaweza kukaa naye kwenye gunia hilo na kutaja kila kitu kwa jina lake. Njoo na mzee mmoja anayejua jinsi kitu kama hiki kinavyotengenezwa. Kama ni mbuzi, nitatoa mbuzi. Kama ni maneno, yasemwe. Lakini njoo kabla ya siku ya soko, kwa maana akipanda gari hilo na aibu hii, atakaa nayo peke yake mpaka aingie kaburini, na aibu si yake. Mwambie hakuharibu kitu. Mwambie mimi nina mama wawili, na huyu wa pili ndiye aliyenizaa nikiwa mtu mzima.

Barua hii inaletwa na yule dada anayetuletea ndizi. Mpe chai, anapenda sukari nyingi. Baba na mama uwaambie niliumia kidogo na nimepona, wewe ishia hapo hapo. Dada yangu mdogo aliye shule mwambie asome, nimemwekea kitambaa. Shangazi wa pale juu, yule wa kuimba kwaya, msalimie, lakini usimwache karibu na barua hii hata dakika moja. Na betri zako za redio ukianika, anika juani tu, jikoni usizipeleke.

Mume wako mdogo, anayeona,
Momanyi