Kishikio cha Mlango wa Pili

Baba yangu, fundi wa reli,

Ninaogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Unaikumbuka treni yetu, kwenye zile nyumba za reli Nsambya? Kutwa nzima unatengeneza injini za dizeli, ukirudi unakata makopo ya maziwa kuunda treni ya umeme, urefu wa mkono wangu. Watu wakikucheka kwamba Uganda haina treni ya umeme, unawaambia basi tuanze na ndogo. Madirisha, ngazi, hata ule mkono wa juu wa kushika umeme kwenye waya, vyote uliviunda mwenyewe. Mimi nilishika tu waya wa shaba ukiulehemu, nikajiona fundi kamili.

Halafu kishikio cha mlango wa pili kikatoka kimepinda. Nikacheka. Nikakuuliza, "Baba, leo umelehemu kwa mguu?" Ukasema ni baridi tu, ilhali jua lilikuwa kali. Ulipokwenda kuswali nikakibandua, nikakilehemu upya, kikanyooka. Ulikitazama muda mrefu. "Umekuwa fundi, mwanangu." Ukaiweka treni juu ya kabati, hukuigusa tena. Nami, mjinga mimi, nilifurahia zile sifa. Ule ugonjwa wa kutetemeka nilikuja kuujua kikombe kilipokushinda kushika.

Mwaka huu niliishusha nimalizie upande uliobaki. Baba, mkono wangu wa kulia unacheza. Naukandamiza mezani kwa wa kushoto, kama ulivyokuwa ukifanya, na bado unacheza. Hospitali iko hapo juu tu, lakini miguu inakataa. Majuzi mjukuu wako Zainabu, anayetengeneza simu Nakawa, aliniuliza nina nini. Nikajisikia nikijibu ni baridi tu.

Leo asubuhi nimelehemu kishikio cha mwisho. Kikapinda. Nikatoka kununua sukari, na niliporudi nikakikuta kimenyooka kabisa.

Zainabu alikuwa anakunywa chai, ananitazama kama mtu anayengoja kusifiwa. Maneno yako yalinijia mpaka kwenye ulimi, Baba. Nikayameza.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkono wangu unatetemeka kama wa babu yako. Vaa viatu unipeleke hospitali."

Sasa anatafuta viatu, analia, nami nakuandikia haraka. Hofu haijaondoka hata kidogo. Mwandiko umepinda, nauona. Uache hivyo hivyo.

Binti yako,
mshika waya