Mfuniko wa Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Itangazwe kwa vyerehani vyote vya nyumba hii: mimi, fundi wa kupanua suruali za wanene wenzangu, nimeteuliwa Mlezi Mkuu wa Buibui! Binti yangu karudi chuoni hadi Jumamosi. Kaniachia mashimo tisa kwenye ukingo wa udongo nyuma ya nyumba, kila shimo na kijiti chenye namba. Si buibui wa utando — hawa hukaa ardhini, kila mmoja na mlango wake. Kila asubuhi nikague mifuniko. "Usiwaguse, baba. Utafiti wangu wote ndio huo." Mke wangu kacheka hadi kukaa chini. Anajua hata mende hunipandisha kitini.

Jumatano, 6 Machi
Kinyaa! Namba saba kachomoza. Mweusi, mnene, anang'aa kama kitu kilicholambwa. Kadaka mbawakawa, kamvuta ndani — mfuniko pu! Nje kabakiza miguu. Chai imenishinda.
Ila mfuniko wenyewe... Udongo juu, hariri chini, bawaba ya nyuzi. Umekaa vizuri kuliko kola zangu kwenye shingo za wateja.

Alhamisi, 7 Machi
Namba saba hayupo. Nimempigia binti, nikamwambia kahama. Akasema: "Baba, hawa hawahami. Yule huenda kanizidi umri."

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshona mfuniko. Ndiyo! Kitambaa cha kahawia, gundi, udongo juu. Nimeushikiza kwa nyuzi mbili mdomoni mwa shimo. Mke wangu: "Baba watoto, sasa unawavalisha?" Nimenawa mara nne. Vidole bado vinanichukiza.

Jumamosi, 9 Machi
Ukweli, maana hapa hasomi mtu. Juzi nilikuwa nakwenda kumwaga majivu ya pasi ya mkaa. Namba saba akaniinulia miguu ya mbele, meno nje. Mimi! Nikammwagia, na makaa mekundu yakiwemo. Mfuniko ukaungua, ukanuka kama nywele zilizoungua. Sikuteleza, nilikusudia. Niliona raha.
Sasa hivi nimekwenda kukagua kazi yangu. Nimeinua mfuniko kwa ncha ya sindano — ukavutwa chini. Nimeinua tena. Ukavutwa tena, kwa nguvu! Kumbe yu hai! Na kandokando ya mshono wangu, hariri mpya. Kanimalizia pindo! Mwili unanisisimka.
Geti limelia. Binti yangu, hata viatu hajavua, anaita toka uani: "Baba! Namba saba?"
Sindano bado ninayo mkononi.